Kabla Fuso Halijatoka Mwankoko: Namna ya Kusoma Hali ya Nchi Jirani kwa Simu na Redio

Vitunguu vimeshapakiwa, turubai limefungwa, dereva anasubiri neno lako tu. Mzigo unakwenda Nairobi kwa njia ya Katesh, Babati, Arusha na Namanga. Mara simu inalia, ujumbe umeingia kwenye kundi la WhatsApp: klipu ya sekunde 30, matairi yanawaka, watu wanakimbia, na chini yake maneno manne: “Nairobi leo. Nchi imekwisha.”

Utafanya nini? Ukishusha mzigo kwa sababu ya uzushi, umepoteza nauli ya gari, ujira wa wapakiaji na bei uliyokuwa umeshakubaliana na dalali. Ukiupuuza ujumbe nao ukawa wa kweli, umempeleka dereva na utingo wake kwenye mawe na risasi. Uamuzi kama huo haufai kuachiwa anayepaza sauti zaidi kijiweni.

Sisi wa Mwankoko hatuna ruhusa ya kusema siasa za majirani hazituhusu. Kata yetu imo ndani ya Manispaa ya Singida, na Singida imekaa njia panda. Barabara moja inashuka Dodoma hadi Dar es Salaam. Nyingine inapita Nzega na Kahama hadi mipaka ya Rusumo na Kabanga, kuingia Rwanda na Burundi, na kutoka huko kuendelea hadi mashariki ya Kongo. Ya tatu inapanda kaskazini hadi Kenya. Nchi moja ikitikisika, bei ya gunia inatikisika hapa nyumbani.

Ninaloliamini, na ndilo mwongozo huu umejengwa juu yake, ni hili: utulivu wa nchi unasomwa katika mambo ya kila siku, yaani soko, benki, mpaka, shule na mahakama. Mitandao na vyombo vya habari ni njia ya kuulizia hayo. Anayepima nchi kwa ukubwa wa kelele za mtandaoni atakosea mara nyingi kuliko anavyopatia.

1. Anza na swali dogo

“Kenya imetulia?” ni swali lisilo na jibu. Kenya ina kaunti 47. Uliza lile linalogusa safari yako: Barabara ya Namanga hadi Nairobi inapitika leo? Soko la Wakulima, wanaloliita Marikiti, limefunguliwa? Kuna maandamano yaliyotangazwa, na ni siku gani?

Swali dogo lina faida kubwa. Juni 2024 vijana wa Kenya walipoingia barabarani kupinga Muswada wa Fedha, picha zilizotufikia zilionyesha nchi nzima inawaka. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia bungeni, watu waliuawa, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini muswada huo. Yalikuwa mambo mazito, na damu iliyomwagika ni ya kweli. Lakini aliyefuatilia kwa makini aliona pia kwamba maandamano ya wiki hizo yalipangwa zaidi Jumanne na Alhamisi, na siku zenyewe zilitangazwa mapema kwenye X na TikTok. Mwenye gari aliyeuliza “siku gani?” aliweza kupanga safari. Aliyeuliza “nchi imekwisha?” alibaki na hofu tu.

2. Ikague klipu kama unavyokagua gunia

Hununui gunia kwa kutazama vitunguu vya juu. Unaingiza mkono, unapapasa cha katikati, unanusa. Klipu nayo ifanyie hivyo hivyo.

Tazama mishale iliyo juu ya ujumbe. WhatsApp huweka mshale mmoja kwenye ujumbe uliofowadiwa, na mishale miwili kwenye ule uliopita mikono mingi, angalau mitano tangu kwa aliyeutuma kwanza. Mishale miwili haimaanishi ni uongo. Maana yake ni kwamba aliyekutumia hajui ulikotoka. Muulize: “Umeipata kwa nani? Yeye yuko wapi?” Mara nyingi mazungumzo yanaishia hapo.

Tazama magari. Namba za Kenya huanza na K, za Uganda na U, za Rwanda na R, zetu na T. Soma vibao vya maduka na maandishi kwenye magari ya polisi. Tazama ardhi: kama Nairobi iko kwenye mvua na video ina vumbi na jua kali, kuna jambo. Kumbuka pia kwamba Goma, Kigali na Bujumbura ziko nyuma yetu kwa saa 1, ili usimkatae shahidi wa kweli kwa sababu saa zenu hazilingani.

Kisha sikiliza. Hapa sisi wenye Kiswahili tuna silaha ambayo mchambuzi wa ng'ambo hana. Mtu wa Nairobi atasema matatu, kanjo, nduthi. Mtu wa Goma atasema “batu” pale tunaposema “watu”, na Kifaransa kitachungulia katikati ya sentensi. Sauti ikidai inatoka Goma huku nyuma kondakta anaita abiria wa daladala kwa lafudhi ya Kariakoo, hiyo klipu umeshaijua. Isikilize mara mbili: mara ya kwanza maneno, mara ya pili yale yanayosikika nyuma ya maneno.

Mwisho, ipeleke picha kwenye Google Lens. Kama ni video, isimamishe mahali panapoonekana vizuri, piga picha ya skrini, kisha itafute. Ikitokea kwamba picha hiyo ilishachapishwa miaka mitatu iliyopita katika nchi nyingine, kazi imekwisha, na bando ulilotumia ni dogo kuliko hasara uliyoikwepa. Wapo pia wanaofanya kazi hiyo kila siku: Africa Check, iliyoanza 2012, PesaCheck, na hapa kwetu JamiiCheck na Nukta Fakti.

Siku hizi kuna video zilizotengenezwa kwa akili mnemba, na macho peke yake hayatoshi kuzitambua. Tegemea kanuni hii: tukio kubwa la mjini hupigwa na simu nyingi. Ukikuta video moja tu ya jambo ambalo maelfu ya watu wangeliona, na hakuna hata mmoja aliyelipiga kutoka upande mwingine wa barabara, subiri.

3. Vyanzo vitatu, visima vitatu

Visima virefu vya Mwankoko vinapeleka maji mjini Singida. Kisima kikichafuka, mabomba ya nyumba nyingi yatatoa maji machafu, na hakuna mwenye akili atakayesema, “Nyumba kumi zimethibitisha.” Ni kisima kimoja. Habari nazo zina visima. Kurasa kumi za Facebook, blogu tatu na makundi sita ya WhatsApp vinaweza kuwa vimeteka kwenye ndoo moja.

Mei 2025 mitandao ilijaa habari kwamba Côte d'Ivoire imepinduliwa. Zilitembea picha za majengo yanayoungua na umati mkubwa barabarani, na ukizihesabu posti ungesema haiwezekani wote hao wakosee. Jijini Abidjan kwenyewe watu walikuwa wanaendelea na shughuli zao, na hapakuwa na mapinduzi. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo ni nzuri kwa mambo ya ukoo na kijiji, ambako msemaji anajulikana. Mtandaoni lisemwalo linaweza kuwa halipo wala haliji.

Kwa hiyo tafuta visima vitatu tofauti.

Cha kwanza ni chombo cha habari cha nchi yenyewe. Kwa Kenya soma Taifa Leo na Daily Nation. Kwa Burundi tafuta gazeti la Iwacu. Kwa Kongo sikiliza Radio Okapi, iliyoanzishwa 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle, nayo inatangaza kwa Kiswahili pia. Jiulize kila mara nani anakilipa chombo hicho mshahara: redio ya serikali itakwambia upesi serikali inataka nini, lakini itachelewa kukwambia nini kimeishinda.

Cha pili ni mtangazaji wa nje mwenye waandishi huko: idhaa za Kiswahili za BBC, DW au RFI.

Cha tatu, ambacho ndicho ninachokithamini kuliko vyote, ni mtu uliyemjua kabla ya tatizo. Dereva aliyeshusha mzigo juzi. Dalali wa sokoni. Ndugu aliyeolewa huko. Mpigie, na usimwulize “hali ikoje?” Atakujibu “nzuri tu, namshukuru Mungu” hata kama amejifungia chumbani. Muulize: “Umekwenda sokoni leo? Umetoa pesa kwa wakala? Watoto wamekwenda shule?”

4. Tofautisha kutangaza na kushika

Jumatano ya tarehe 13 Mei 2015, Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi alikuwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Huko Bujumbura, Jenerali Godefroid Niyombare akatangaza redioni kwamba rais ameondolewa. Watu waliokuwa wakiupinga muhula wa tatu wa Nkurunziza tangu Aprili wakamwagika barabarani kushangilia. Aliyefuata mitandao siku ile aliona sherehe tupu, akaamini mambo yamekwisha.

Kumbe maswali ya msingi yalikuwa hayajajibiwa. Redio ya taifa iko mikononi mwa nani? Uwanja wa ndege je? Wakuu wengine wa jeshi wako upande gani? Tarehe 14 yalizuka mapigano makali kwenye jengo la redio na televisheni ya taifa, na wanajeshi watiifu kwa rais wakabaki nalo. Kufikia tarehe 15 mapinduzi yalikuwa yameshindwa. Redio binafsi, zikiwemo RPA, Bonesha na Isanganiro, zilikuwa zimeshambuliwa na kunyamazishwa, na kwa muda mrefu baadaye habari za Burundi zilipatikana kwa shida.

Siku ukisikia “mapinduzi”, chukua karatasi uandike maswali hayo matatu: redio ya taifa, uwanja wa ndege, wakuu wa jeshi. Hadi yatakapojibiwa, jua kwamba unachokisikia ni tangazo. Mzigo wako usiutume kwa tangazo, wala usiurudishe moja kwa moja kwa tangazo. Usimamishe mahali salama, kabla ya mpaka.

5. Mambo manne ya kupima kila siku

Bei. Nchi nyingi huanza kutikisika jikoni kabla ya ikulu. Tarehe 19 Desemba 2018 wakazi wa mji wa Atbara, Sudan, waliingia barabarani baada ya bei ya mkate kupandishwa. Tarehe 11 Aprili 2019 Omar al-Bashir, aliyetawala miaka 30, aliondolewa. Fuatilia bei ya unga, mafuta na thamani ya fedha ya nchi jirani. Wauza vitunguu mnaziona takwimu hizo kabla ya magazeti, kwa sababu mteja anaanza kukopa.

Benki. Waasi wa M23 walipoiteka Goma, mashariki ya Kongo, mwishoni mwa Januari 2025, masoko yalianza kurudi polepole kwa sababu watu lazima wale. Benki zilibaki zimefungwa, na fedha taslimu zikawa adimu. Ukiambiwa “mji umetulia, watu wako sokoni”, uliza kama benki na mawakala wanatoa pesa. Mzigo unaweza kununuliwa na malipo yasipatikane.

Mpaka. Uliza magari yamepanga foleni kutoka upande gani. Foleni ya malori yanayosubiri kuingia ni jambo la kawaida la ushuru na karatasi. Malori yanayorudi na mzigo wake yanasema jambo jingine.

Miguu ya watu. Hakuna posti inayoweza kushindana na mama aliyebeba mtoto mgongoni na godoro kichwani. Warundi walianza kuvuka mpaka Aprili 2015, kabla ya Niyombare kusema neno lolote redioni. Kufikia katikati ya Mei maelfu kwa maelfu walikuwa wamesongamana Kagunga, kijiji cha ufukwe wa Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma, ambako kipindupindu kiliwakuta kabla hawajafikishwa kambi ya Nyarugusu. Anayehama na watoto wake ameshafanya uchambuzi wake, na ameulipia kwa kila alichokiacha.

6. Intaneti inapokatika

Tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilidorora Tanzania na nchi kadhaa za jirani kwa sababu nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu wetu, intaneti ilizimwa, na jijini Dar es Salaam ikatangazwa amri ya kutotoka nje usiku. Mwenye simu aliona kitu kile kile mara zote mbili: duara linazunguka, ukurasa haufunguki. Sababu zilikuwa tofauti kabisa.

Namna ya kutofautisha ni hii. Ikiwa nchi tatu au nne zimekatika pamoja na hakuna uchaguzi wala maandamano, fikiria nyaya. Ikiwa ni nchi moja, na ni siku ya kura au ya maandamano, fikiria amri. Uganda ilizima intaneti Januari 13 mwaka 2021, siku moja kabla ya kura, ikairudisha tarehe 18. Shirika la NetBlocks hupima hali ya mtandao nchi kwa nchi, na ndugu aliye nje anaweza kukusomea kwa simu ya kawaida.

Kwa kuwa kuzimwa huku mara nyingi huja na uchaguzi, na tarehe ya uchaguzi hujulikana mapema, jiandae. Andika namba za simu kwenye karatasi. Nunua betri za redio. Kubaliana na dereva mahali pa kusimama endapo mtapotezana.

Na siku ya kukatika, kubali kutojua. Ukimya huzaa uzushi mwingi kuliko posti. Intaneti iliporudi baada ya Oktoba 29, picha na video za vurugu za siku hizo zilikuja kwa mkupuo, na kwenye picha hizo kulikuwa na watoto wa watu. Zitazame ukikumbuka hilo. Anayetafuta mwanawe hastahili kupata picha ya uongo, wala hastahili kuambiwa ile ya kweli ni ya uongo kwa sababu tu inatuumiza kuitazama.

7. Usiogope kelele peke yake, usitulizwe na ukimya

Mtu wa Singida anajua kwamba dalili ya mvua ni mawingu, na anajua pia kwamba mawingu mengi hupita juu yetu bila kudondosha hata tone. Kenya ni nchi yenye mawingu mengi mtandaoni. Magazeti yake yanagombana, vijana wake wanatukana viongozi mchana kweupe. Ni nchi hiyo hiyo ambayo tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa rais, jambo ambalo halikuwahi kutokea Afrika, na rais aliyekuwa madarakani akarudi kwenye kura. Mahali ambapo ugomvi una pa kupelekwa, kelele ni sehemu ya afya.

Eritrea, kwa upande mwingine, ilipata uhuru 1993 na hadi leo haijafanya uchaguzi wa taifa. Husikii maandamano Asmara. Unawasikia vijana wake wakivuka jangwa na bahari. Kwa hiyo unaposoma nchi, jiulize: mtu akidhulumiwa hapa, anakwenda wapi? Kama jibu ni mahakama, bunge au gazeti, nchi ina mfereji wa kupitisha maji. Kama hakuna jibu, maji yanajikusanya mahali.

8. Kidole chako nacho kina wajibu

Baada ya matokeo ya uchaguzi wa Kenya kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa na wengine mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Ujumbe wa chuki ulisafiri kwa SMS kutoka simu hadi simu. Lakini siku hizo hizo, Januari 2008, Wakenya wachache walitengeneza jukwaa ambako mtu yeyote angeweza kutuma taarifa ya alichokiona, nayo ikawekwa kwenye ramani: wapi, lini, nini. Wakaliita Ushahidi. Simu zile zile zilizobeba chuki zikabeba ushahidi. Tofauti ilikuwa kwa mwenye kidole.

Hapa kwetu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayechapisha taarifa za uongo, na hilo peke yake linatosha kukufanya usifowadi usichokijua. Lakini mimi nakuomba kwa sababu kubwa kuliko faini. Klipu ya “Nairobi leo” ukiituma kwenye kundi la familia, kuna mama humo ambaye mwanawe ni utingo kwenye gari hilo. Hatalala. Kabla ya kutuma, andika kwa maneno yako: nani ameona, wapi, lini, na nini bado hakijathibitika. Kama huwezi kuandika sentensi hiyo, huna habari ya kutuma.

9. Daftari la dakika 20

Nunua daftari la kawaida, lile la shule. Kila jioni kabla ya msafara, tumia dakika 20. Dakika 5 sikiliza taarifa ya habari redioni. Dakika 5 soma chombo kimoja cha nchi unayokwenda. Dakika 10 piga simu mbili, moja kwa dereva, moja kwa mtu wa sokoni. Kisha andika mistari minne: bei, benki, mpaka, watu. Weka tarehe.

Usitegemee ripoti za kimataifa kwa kazi hii. Vipimo kama kile cha utulivu wa kisiasa cha Benki ya Dunia hutoka mara moja kwa mwaka. Vinafaa kwa anayetaka kujenga kiwanda. Wewe una vitunguu, navyo havingoji mwaka.

Baada ya miezi mitatu daftari litakufundisha jambo ambalo simu haiwezi kukufundisha: siku ya kawaida ya nchi ile inafananaje. Utajua kwamba foleni ya saa 6 Namanga si habari, na kwamba dalali kutopokea simu siku mbili ni habari kubwa.

Sasa turudi kwenye lile fuso. Klipu ina mishale miwili, na aliyeituma hajui ilikotoka. Umepiga simu Marikiti, na dalali amekujibu huku nyuma yake watu wanapigia bei kelele. Ametoa pesa kwa wakala asubuhi. Dereva aliyevuka Namanga jana usiku amefika. Maandamano yametangazwa Jumanne, na leo ni Jumamosi. Andika hayo daftarini, mpe dereva namba mbili za akiba kwenye karatasi, mwambie akufahamishe akifika Babati na tena kabla ya kuvuka mpaka. Kisha mwambie awashe gari.